Likizo ya Bi Mapazia

Dada yangu alinitangazia habari ya kisiwa akiwa amelala kwenye kiti cha hospitali, sindano mbili mkononi, damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Alichagua wakati huo makusudi, namjua. Mle ndani hawaruhusu kelele, na mtu aliyeunganishwa na mashine humfokei, utaonekana mchawi. Alisubiri nimekaa, nimemfunika miguu, ndipo akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza uzi dukani, "Mdogo wangu, nataka kwenda likizo. Kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Kile cha hoteli."

Nikacheka. Kisha nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Mapazia, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ameshona mapazia ya shule, ya ofisi za wakubwa, ya nyumba za maharusi ambao sasa wanaozesha watoto wao. Na ana kiburi kimoja: haamini kipimo cha mtu. Ukimpelekea vipimo vyako ulivyoandika mwenyewe anavipokea, anasema asante, halafu anachukua utepe wake anakuja kupima upya. Kuna mhandisi mmoja amenuna kwa jambo hilo mpaka leo. Kazi pekee aliyoishona bila kupima kwa mkono wake ni ya hoteli moja kubwa huko kisiwani. Mwenye hoteli alimsomea vipimo kwa simu, dada akashona msimu mzima, mapazia meupe mazito yenye bitana, yakafungwa kwenye marobota, yakaenda. Hakuyaona tena.

"Nayajua madirisha yale yote, urefu na upana," alikuwa akisema tukiwa tumekaa tu jioni. "Nisichokijua ni yanatazama nini."

Miaka yote hiyo nilidhani ni mzaha wa kupitisha muda.

Halafu figo zikamgomea. Miguu ilianza kuvimba, akasingizia pedali ya cherehani. Akakosa hamu ya kula, akasingizia joto. Tulipomfikisha hospitali, daktari alitutazama kama tumemwibia kitu. Tangu hapo ni mashine: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, asubuhi nzima. Kwenye mkono wa kushoto walimuunganishia mishipa, na ukiuwekea sikio unavuma. Maji anakunywa kwa kikombe kidogo cha kupimia dawa. Kiu ikizidi ananyonya kipande cha barafu, anakizungusha mdomoni taratibu, mtu mzima, na mimi nageuza uso. Ndizi hali, machungwa hali, na madafu ndiyo kabisa, yana kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo pale pale.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo anaponiambia kisiwani, mimi niseme nini?

"Afande, umesikia?" nikamgeukia jirani yake. Afande ni askari mstaafu, kiti chake kiko ubavuni mwa kiti cha dada, na hakuna linalompita.

"Nimesikia. Bi Mapazia, ndizi huli, dafu hunywi, kuogelea huruhusiwi kwa ajili ya mkono. Si ununue kalenda yenye picha ya bahari uitundike ukutani? Utapata kisiwa mwaka mzima."

Wagonjwa wote wakacheka, hata yule mzee wa pembeni ambaye huwa amelala. Dada naye akacheka. Lakini hakuacha.

Nilimpa vidonge vyake, vya maneno, siku hiyo hiyo tulipofika nyumbani. Mimi ni msusi, naongea kutwa nzima mikono ikifanya kazi, na nikianza sishindwi. Nikamwambia kuhusu ndege, kuhusu joto, kuhusu kuanguka ugenini kusiko na mtu wa kumwokota. Nikamwambia saluni yangu haiwezi kufungwa wiki nzima ili niende naye. Akasema hajaniomba niende naye. Nikamuuliza mashine atapata wapi. Akanijibu kwamba kisiwani kuna hospitali ya mkoa yenye mashine, wanapokea wasafiri wakipewa taarifa mapema, na tayari ameshamwomba Sista awapigie.

Sista ndiye muuguzi mkuu wa chumba kile. Mwanamke mfupi, anatembea haraka, hana mchezo na mtu, ila dada anampenda na yeye anampenda dada. Alipiga simu kisiwani, wakasema subirini. Akapiga tena, wakasema daktari hayupo. Kila tukiingia mlangoni dada anamtazama Sista usoni kabla ya salamu, na Sista anatikisa kichwa: bado. Nasema wazi, niliomba wakatae. Niliomba mashine zao ziharibike. Jumatano moja Sista akainua dole gumba toka mbali, na dada akapiga kigelegele humo humo ndani mpaka akaambiwa ashike adabu.

Wamekubali. Atasafishwa damu huko wiki moja, kisha atarudi.

Hapo lazima nieleze jambo la viti, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata.

Viti mle ndani ni vichache, wagonjwa ni wengi. Nje ya mlango kuna benchi, na kwenye benchi wanakaa wasio na kiti. Wanakuja alfajiri, wanakaa, wanangoja mwenye kiti asitokee: augue homa, akwame njiani, afe. Akikosekana mtu, mmoja wa benchi anaingia. Hakuna anayesema wazi wanachongoja, ila kila mtu anajua. Kwa hiyo wagonjwa wenyewe walijiwekea utaratibu. Ukitaka kusafiri, kabla hujaondoka unasema kwa sauti, wote wasikie: kiti changu namwazima fulani, nakirudia siku fulani. Sista anaandika kwenye ubao. Aliyeazimwa hakai siku moja zaidi, hata awe na hali gani. Bila hivyo hakuna ambaye angethubutu kwenda hata mazishini.

Dada alikuwa ameshasema kwamba atamwazima Mama Pacha. Huyo ni msichana tu, ana pacha wadogo, mume alimkimbia alipoanza kuvimba. Alitoka mbali, akapanga chumba nyuma ya hospitali ili awahi benchi. Wiki nyingine anapata mashine mara moja, wiki nyingine hapati. Nikasema vizuri, angalau mtoto wa watu atapumua wiki moja.

Maandalizi yakaanza, na mimi, mjinga mimi, nikaanza kufurahi naye. Alijishonea gauni jepesi la maua na kofia ya kitambaa hicho hicho. Alinunua miwani ya jua, akaivaa akishona, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Wateja wakija na vitambaa vipya anawarudisha kwa upole, anawaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, fundi ambaye siku zote alikuwa akimsema kwamba hajui hata kukata kitambaa kikanyooka. Mkasi wake mkubwa, ambao tangu utotoni nimekatazwa kuugusa, akanipa. "Kaa nao," akasema. "Unafaa na nywele." Nikajua ni furaha ya safari. Alikuwa mpole mno siku hizo, halalamiki sindano, halalamiki kiu. Uso ulimng'aa. Nikamwambia mume wangu, tazama likizo inavyomponya mtu hata kabla hajaondoka.

Ndege ilikuwa Jumamosi. Jumatano ya wiki hiyo nikamwacha dada kwenye mashine, nikaenda dirisha la dawa. Nikamkuta Afande kwenye foleni, amemaliza zamu yake, amejifunga bandeji, anamshangaa Mama Pacha aliyekuwa akipita.

"Umemwona anavyotembea?" akaniambia. "Kiti ni kiti, hata kabla hujakikalia. Mtu anapata hata shingo."

"Kuazimwa tu huko, Afande. Wiki moja."

Akanigeukia. "Kuazimwa? Amepewa. Dada yako kamwachia moja kwa moja. Jumatatu ulipotoka kwenda kuongea na simu ndipo aliposema. Wewe hujui?"

Nikajikaza. Nikasema, "Utakuwa umesikia vibaya," na Afande akasema masikio ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho kizima.

Niliacha foleni. Nikamkuta Sista kwenye kijichumba chao, anapanga bomba za sindano.

"Sista, kiti cha dada yangu amepewa nani?"

"Mama Pacha. Si anahama?" Akaniona uso, akaweka chini alichoshika. "Dada yako kaniambia anahamia kisiwani, kwa ndugu zenu. Kasema mwenye hoteli kampa kazi, na hospitali ya kule itampa kiti cha kudumu. Nilisikitika, lakini nikafurahi. Wewe hukuambiwa?"

Sisi hatuna ndugu kisiwani. Hatuna hata mtu wa kumpa salamu. Nikamwomba ile namba ya hospitali ya kule, nikatoka uani, nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa nimesimama juani, jasho linanitiririka, watu wanapita na machela, na mimi natembea mbele na nyuma kama nimepotelewa na mtoto. Mara ya tatu akapokea mwanamume mmoja mwenye sauti ya usingizi. Nikamtajia jina la dada, jina lake halisi. Akapekua, akasema ndiyo, wanamtarajia.

"Mpaka lini?"

"Wiki moja, mama. Si mtalii? Baada ya hapo anarudi kwenu. Sisi hatuna nafasi ya kudumu, hapa penyewe watu wanakaa benchi."

Nikamshukuru. Nikakaa kwenye ngazi za pale uani. Huku hana kiti, kule hana kiti. Mtu wa figo asiye na kiti haishi, hilo mle ndani hata mfagizi analijua. Dada yangu alikuwa amepanga likizo yake vizuri sana, kila kitu mpaka kofia, na baada ya ile wiki hakupanga chochote.

Sikumwambia neno njiani. Nilisubiri jioni, nikaenda kwake. Alikuwa sebuleni, amelifungua sanduku juu ya meza ya kukatia, anakunja nguo kwa ule unadhifu wake wa kuudhi.

"Dada," nikasema nikiwa mlangoni, "sisi tuna ndugu gani kisiwani?"

Mikono ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. "Kwa nini?"

"Sista anasema unahamia kwa ndugu. Nikajiuliza, labda baba alizaa huko tukafichwa."

Hakucheka. Akaliweka gauni la maua sandukuni, akalilainisha kwa kiganja.

"Kaa."

"Sikai. Nijibu."

"Basi simama. Nakwenda kisiwani, nitakaa wiki yangu, nitayaona madirisha yangu. Nitarudi hapa nyumbani kwangu. Na kwenye mashine sitakwenda tena. Ndiyo hivyo. Sikukwambia kwa sababu nilijua utapiga kelele."

"Utakufa!"

"Ndiyo hizo kelele."

"Dada, utakufa!"

"Najua. Nilimuuliza daktari inavyokuwa. Kasema mtu anasinzia, anasinzia, basi." Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kupiga pasi hariri. Kisha akaketi yeye, akaufunika ule mkono wa kushoto kwa ule wa kulia. "Nimechoka, mdogo wangu. Wewe unakaa pembeni ya kiti, hukai kwenye kiti. Leo wananikamua nabaki ganda. Kesho naanza kujisikia mtu. Keshokutwa wananichoma tena. Na kila asubuhi nikipita pale mlangoni yule mtoto ananitazama. Hanitazami usoni, ananitazama hivi," akaonyesha mwili mzima, "kuona leo nimeamkaje. Simlaumu. Ana watoto wachanga wawili. Mimi nina nini? Mapazia."

"Una mimi!"

"Wewe una mume, una wanao, una saluni yako. Utalia, utanyamaza."

Haki ya Mungu, nilikaribia kumzaba kibao. Mtu aliyenilea, aliyenibeba mgongoni mama akiwa kibaruani, ambaye ada yangu ya kujifunza ususi ilitoka kwenye kidole chake kilichotobolewa na sindano, ananiambia nitalia nitanyamaza! Nikamfokea mpaka jirani akabisha ukuta. Nikamwambia ni mchoyo. Nikamwambia anamgawia mtu baki maisha na mimi ananipa mkasi. Nikaikamata tiketi yake iliyokuwa juu ya sanduku, nikasema naichana.

"Ichane," akasema. "Nitanunua nyingine."

Niliirudisha. Nilijua hadanganyi. Nikatoka bila kuaga, na ule mlango nikaupigiza.

Kesho yake sikufungua saluni. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya hospitali kumtafuta Mama Pacha, na nilikwenda kwa shari, sitaficha. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nikamkuta kwenye chumba chake chenye kitanda kimoja na pazia mlangoni, anamwogesha pacha mmoja kwenye beseni, wa pili yuko kitandani analia. Alikuwa akiogesha kwa mkono mmoja, ule wa mashine ameuinua pembeni usiguse maji. Aliponiona akatabasamu sana.

"Karibu, dada. Samahani chumba kiko hivi. Dada mkubwa amejiandaa? Mungu ambariki huko kwa ndugu zake, nitamwombea mpaka nakufa."

"Hana ndugu," nikasema.

Nikamwambia yote nikiwa wima. Kwamba hakuna kuhama, hakuna kazi ya hoteli, hakuna kiti kingine popote. Kwamba kile kiti anachokwenda kukalia, mwenyewe amekitoa ili akafe. Nilitaka yamuume, na nikaona yanamuuma. Mkono ulisimama, povu likawa linadondoka kwenye kiwiko. Mtoto akaanza kuhisi baridi, akalia, naye akashtuka, akammwagia maji ya kumsuuza, akamfunga taulo, akamweka karibu na mwenzake. Ndipo akasema, "Sikujua."

"Sasa unajua."

"Unataka nikatae?"

Nimesema mimi ni mtu wa mdomo. Wateja wangu wanasema nikifa ulimi utazikwa siku ya pili yake. Lakini pale nilikosa neno. Nilimtazama yule msichana, uso umevimba asubuhi ile maana mashine hakuwa ameipata tangu wiki iliyopita, miguu imefura kwenye ndala, na wale watoto wawili wanalia pamoja. Niseme ndiyo, kataa, kufa wewe? Niseme hapana, afe wangu? Nikafunua pazia nikatoka. Na nilipokuwa narudi nilijua kabisa kwamba hatakataa. Ningekuwa mimi nina watoto wale, nisingekataa.

Ijumaa nilimsindikiza dada kama kawaida. Hatukusemeshana. Akapima uzito, akalala kwenye kiti, Sista akamchoma sindano bila kumtazama, maana nilikuwa nimeshamweleza ukweli asubuhi ile mlangoni. Sista alikuwa ameudhika, lakini alichoniambia ni kimoja tu: "Ni mtu mzima. Siwezi kumfunga kamba." Mashine ikaanza kuzunguka. Afande akajaribu kusema utani wa kalenda, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza.

Katikati ya zamu mlango ukafunguliwa, Mama Pacha akaingia. Wa benchi haruhusiwi kuingia akiwa hajaitwa. Sista akaanza kusema "Wewe!" lakini yule msichana alishafika mbele ya kiti cha dada, amesimama na mkoba wake mdogo.

"Dada, nimekuja kukwambia kitu, nikishakisema natoka. Kiti chako nitakaa wiki hiyo moja. Asante. Urudi usirudi, wiki ikiisha mimi natoka, narudi benchi."

Dada akamtazama, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo silisahau.

"Wewe mtoto huna akili," akasema. "Hukuelewa. Kiti ni chako. Nimekupa."

"Nimeelewa. Sikitaki."

"Una watoto!"

"Ndiyo maana," Mama Pacha akasema, na sauti ikampasuka. "Wataniuliza siku moja, mama ulipona vipi. Niwajibu nini? Kuna mama mmoja alikufa ili nikae? Mimi siwezi kuwalea na neno hilo. Benchi linaumiza, lakini sijafa nalo bado. Sista ampe mwingine asiyejua. Mimi najua."

Dada akajaribu kuinuka. Alijisahau. Mkono ukavutika, mashine ikaanza kulia kwa sauti ile kali inayowafanya wote wainue vichwa, Sista akaja mbio, akambana bega alale. "Tulia! Tulia, unataka sindano itoke?" Akabonyeza, akanyoosha mpira, kelele ikakatika. Pampu zikaendelea kuzunguka.

"Hapa tunasafishwa damu," Afande akasema polepole, "na leo tunasafishwa na mengine."

Sista hakumjibu. Alikwenda kwenye ubao, akachukua kalamu, akasimama na mgongo wake kwetu. Juu ya siku za wiki iliyofuata palikuwa na jina la Mama Pacha, limeandikwa kwenda mbele hadi mwisho wa ubao.

"Bi Mapazia," akasema, "niambie kwa kinywa chako. Wiki ikiisha, nimfute huyu nikurudishe wewe, au nimwite mwingine kutoka benchi? Chochote utakachosema naandika. Sitabishana nawe."

Dada alikuwa akitazama dari. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa alikuwa amelala yakawa yanamwingia masikioni, na hakuweza kuyafuta. Nikamfuta kwa upindo wa shuka. Nilitamani kusema mambo mengi, nikajiuma ulimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

"Nirudishe," akasema.

"Sijasikia."

"Nirudishe, nimesema! Mnanichezea kama mtoto, wote nyinyi."

Afande akajipiga paja kwa mkono wake usio na sindano, paa, paa, na wengine wakafuata. Sista akafuta, akaandika. Mama Pacha alikuwa ameshatoka. Kupitia mlango nilimwona akikaa pale pale alipokuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, anatazama miguu yake iliyovimba. Hakuna aliyempigia makofi yeye. Nilitoka nikakaa karibu naye mpaka zamu ikaisha, nimemshika mkono ule mzima.

Dada aliposhushwa kwenye mashine nikamchukua tutoke. Siku zote akitoka pale huwa ananiegemea bega, miguu haina nguvu. Tulitembea hivyo ukumbi mzima. Nje jua lilikuwa kali. Akasimama.

"Unajua tangu niamue nilikuwa nalala?" akaniambia. "Usiku mzima, bila kushtuka. Tangu nianze mashine hii sijawahi kulala vile. Nilikuwa nimeshapumzika, mdogo wangu. Wewe umeniamsha."

"Basi amka," nikasema. Sikumwomba radhi, na sikuwa nayo.

Kisha akaondoa mkono begani kwangu, akatembea mbele yangu peke yake, polepole, mpaka kwenye gari.